Nyumba Yetu, Kiwanja cha Watu

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Nimeamka kabla ya adhana. Sura ya saba, rehani. Kurasa kumi na moja, nimeelewa nne. Feri, kazini kwa wakili, kupiga taipu mashtaka ya watu hadi saa kumi na moja, feri tena. Macho yanawasha.

Posta kulikuwa na kifurushi kutoka chuoni ng'ambo. Kazi yangu ya mwezi wa tano imerudi, wino mwekundu kila mahali. Nilieleza kwamba huku kwetu Likoni nyumba inaweza kuwa ya mtu huyu na kiwanja cha mtu yule. Umejenga mwenyewe, umeezeka mwenyewe, waweza kuiuza au kuwarithisha wanao, na mwenye kiwanja unamlipa kodi ya kiwanja basi. Mwalimu ameandika: "Haiwezekani. Kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Soma tena sura ya pili." Nimeisoma sura ya pili mara tano. Yeye angekuja huku kwetu Bofu mara moja tu.

Shahada ya pamoja, sheria na uendelezaji wa ardhi na majengo. Miaka sita kwa posta. Niko wa tatu. Sijui nilikuwa na haraka gani ya kujitesa.

Jumamosi, 14 Agosti

Kazi kubwa ya mwaka: chagua kiwanja unachokijua, chora ramani ya kukiendeleza, kisha andika maoni ya kisheria. Ukianguka, unarudia mwaka mzima.

Nimechagua safu yetu. Nyumba sita, yetu ya tatu. Si kwa mapenzi, ni uvivu. Sina nguvu ya kwenda kupima kwingine siku zangu za mapumziko. Mama alinishikia futi ya kupimia upande wa pili, baibui amelifunga kiunoni, akisoma namba kwa sauti kama anawasomesha Kurani watoto wake wa chuo. Majirani walichungulia. Bi Mwanaisha wa nyumba ya nne akauliza tunapima nini. Nikamwambia ni masomo tu. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akufungulie."

Mgongo unauma.

Jumapili, 29 Agosti

Ramani imekwisha. Nilianza kwa kuchora nyumba zote sita jinsi zilivyo, na vyoo, na mabanda ya kuku. Halafu nikachukua raba. Haikuchukua hata dakika tano. Mahali pake nimeweka jengo la ghorofa nne, ngazi mbili, matangi ya maji juu, na maegesho ya magari upande wa barabara.

Niseme ukweli, humu hamna msomaji. Nilifurahi. Mistari imenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo haya nilihisi nina akili.

Jumanne, 31 Agosti

Maoni ya kisheria. Nimeandika anachotaka mwalimu. Kwamba waliojenga safu hii hawana haki yoyote juu ya nyumba zenyewe. Kwamba mwenye ardhi akiwapa ilani ya miezi mitatu na kuwaruhusu kuondoa mbao, milango na mabati yao, atakuwa amewatendea kwa huruma kuliko inavyomlazimu. Kurasa sita. Najua si hivyo. Babu alipewa ruhusa ya kujenga na kila mtu akajua maana yake. Lakini nikiandika ninachojua, nitaanguka tena, na mimi nimechoka kuanguka.

Jumatano, 1 Septemba

Imebaki nakala ya hati ya ardhi ya kuambatisha. Mzee mwenye kiwanja alifariki mwaka jana, sasa mambo yote yako kwa mwanawe, Bwana Nassor, mwenye duka la vitambaa kisiwani. Nilikwenda saa ya chakula cha mchana. Kwenda kuomba mikono mitupu si adabu. Wengine huchukua halua. Mimi nilichukua nakala ya kaboni ya kazi yangu, ramani na maoni, nimeifunga vizuri kwa utepe.

Alinipokea kwa heshima, akaagiza kahawa, akaniita wakili. Hati akanipa bila swali. Nilipotoka alikuwa ameitandaza ramani yangu juu ya jora la kitambaa na anaitazama.

Nilirudi kazini nikitembea kama mtu.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimeituma. Nimelala tangu alasiri hadi magharibi. Mama hakuniamsha.

Jumanne, 5 Oktoba

Ilani. Nyumba zote sita, bahasha za kahawia, zimeletwa na msimamizi anayekusanya kodi.

Mama aliniita. Nikaitika abee, nikaja, akanipa barua nimsomee kwa kuwa ni ya Kiingereza. Miezi mitatu. Kisha nikafika chini. "Wapangaji wataruhusiwa kuondoa mbao, milango na mabati yao." Sentensi yangu. Hata koma imekaa nilipoiweka. Nimeitafsiri yote, sikuruka neno.

Mama akaikunja barua. Halafu akasema, "Alowaandikia haya ni mtu msomi. Yuwafukuza watu kwa maneno ya upole."

Sikumwambia.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimekosea taipu mara tatu katika barua moja. Wakili akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo. Sikumdanganya.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimewaambia.

Walikuja kwetu baada ya sala ya Ijumaa, mtu mmoja kila nyumba, wakakaa barazani. Bwana Mbarak wa nyumba ya kwanza, mfanyakazi wa bandarini, ndiye aliyesema kwa niaba yao. "Mwanetu, wewe ndiye uliyesoma. Twataka uwe ulimi wetu." Alisema kwa unyenyekevu, mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo. Ningeweza kuitikia tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia.

Badala yake nikawaeleza yote. Futi, ramani, kaboni, duka la vitambaa. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa bora.

Bi Mwanaisha akauliza, "Ulimpelekea mwenyewe? Kwa miguu yako?"

"Ndiyo, Bi."

Akainuka, akamshika mkono mjukuu wake aliyekuwa akisoma kwa Mama, akaondoka naye katikati ya aya. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mama alibaki na juzuu mkononi. Nilimngoja anitukane. Akasema, "Na mimi nilishika futi."

Naona haya. Sina neno jingine.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kwa Bwana Nassor tena. Nimemwomba aifute ilani. Nimemwambia yale yalikuwa masomo, na kwamba marehemu babake hangefanya hivi. Hakukasirika. Akatoa kaboni yangu kwenye mtoto wa meza, akanionyesha ukurasa wa nne. "Wewe ndiye uliyesema hawana haki. Mimi sikujua. Wallahi, mimi nilidhani ni nyumba zao."

Halafu akanipa kazi. Karani wa mradi, ofisi ya kwangu mwenyewe. Nilimjibu nitafikiri, na hilo pia naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Kwa muda wa kuvuka feri, nilifikiri.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimemtumia jibu. Hapana, ahsante.

Watoto wa chuo walikuwa kumi na wanne. Leo wamekuja watano. Mama amewasomesha hao watano kwa sauti ile ile.

Jumamosi, 23 Oktoba

Kifurushi. Alama za juu kabisa tangu nianze. Mwalimu ameandika chini, kwa wino ule ule mwekundu: "Sasa umeelewa."

Nilifurahi mpaka nilipoikunja karatasi.

Jumanne, 26 Oktoba

Nimemweleza wakili wangu kisa chote. Alinisikiliza akichezea kalamu. Anasema kesi ipo. Desturi ya nyumba kuwa ya mtu na kiwanja cha mwingine inajulikana pwani nzima, na mahakimu wa hapa wameshaisikia. Ushahidi upo pia: risiti zote za marehemu zimeandikwa kodi ya kiwanja, si kodi ya nyumba. Lakini Bwana Nassor ataleta maoni yangu mbele ya hakimu. Yameandikwa na mtu wa safu hiyo hiyo, mtoto wa nyumba ya tatu. Yatawaua.

"Kuna njia moja," akasema. "Uape kwamba uliyoandika si kweli na ulijua si kweli."

Kisha akaniambia nifikiri vizuri. Kiapo ni karatasi ya wazi. Mtu aliyeapa kwamba alidanganya katika kazi yake ya chuo hawezi kubaki na alama za kazi hiyo.

Alhamisi, 28 Oktoba

Sijalala vizuri. Nina hasira na kila mtu. Na mwalimu ambaye hajawahi kuona nyumba ya udongo. Na Nassor aliyejua kusoma ghafla. Na majirani, kwa nini wasije wakanitukana wakamaliza? Na mwaka mmoja wa kuamka gizani, wa kusoma nikiwa nimesimama kwenye feri, wa kukataa harusi za watu. Wanataka niutupe. Hakuna aliyenitaka niutupe, ndio tabu yenyewe.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimeapa. Nilikipiga taipu mwenyewe, maana karani ni mimi. Mistari kumi na miwili. "Niliandika hivyo ili nipasi." Wakili akasoma, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Nakala moja nimeituma chuoni, na barua ya kuomba kazi yangu ifutwe. Bora wasikie kwangu.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimepeleka nakala nyumba hadi nyumba, nikawasomea kwa Kiswahili. Bwana Mbarak alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa." Bi Mwanaisha hakufungua mlango. Nilimsomea nikiwa nje, kwa sauti. Najua alikuwa ndani, redio ilizimwa.

Alhamisi, 25 Novemba

Wakili alifungua kesi kwa niaba ya safu yetu, na hakimu ameizuia ilani mpaka isikizwe mwakani. Hatujashinda. Ila kwa sasa hakuna wa kutugusa. Nimeandika hili nikiwa kazini na kichwa kinagonga.

Jumapili, 5 Desemba

Chuo kimejibu. Kazi imefutwa, mwaka wa tatu narudia. Barua ina adabu. Hakuna wino mwekundu.

Nimeshinda nyumbani leo. Nimefua, nimelala, nimekula viazi vya nazi. Alasiri nilikuwa napanga karatasi zangu barazani. Mama akaja akaketi, akaichukua ramani. Hakuwahi kuiona imekamilika. Akaigeuza huku na huku, akaniuliza juu ni wapi. Nikamwonyesha barabara, nikamwonyesha ngazi.

Akasema, "Na mimi umenitia wapi?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, kana kwamba huenda nilimchora nikasahau. Halafu nikaweka kidole mahali ilipo nyumba yetu. Maegesho ya magari.

Akapatazama. Akauliza kama kuna kivuli. Nikamwambia hakuna.

Akanirudishia karatasi akaenda kutawadha.