Gego la Baba Dorca Limenyamaza

Kwako Mama Perez, mshauri wetu mpendwa,

Salamu zikufikie hapo ulipo, na baada ya salamu naomba unisaidie kabla sijapandwa na wazimu, maana mimi ni mke wa fundi cherehani hapa Nyalenda, ni mama wa watoto, ni muuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na sasa nimekuwa pia mlinzi wa jino la mtu, jino ambalo mwenyewe hataki liguswe wala litajwe, na nimechoka, Mama Perez, nimechoka kabisa. Naomba pia ubadilishe majina yetu, kwa sababu gazeti lako linasomwa hata kwenye kwaya ambayo mume wangu ndiye mwalimu wake.

Mambo yalianza kwenye harusi ya binti wa dada ya mume wangu huko Port Victoria. Mume wangu, Baba Dorca, ana kaka mkubwa, Simeon, ambaye aling'olewa meno sita ya chini alipokuwa kijana kama ilivyokuwa desturi ya wazee wao, lakini zamu ya Baba Dorca ilipofika yeye alikimbilia misheni akajificha huko mpaka wazee wakachoka kumngoja, na tangu hapo meno yake ndiyo fahari yake, hukata uzi kwa meno, hushikilia pindo la suruali kwa meno, na kwenye sherehe hufungua soda kwa meno watu wakimpigia makofi. Basi siku hiyo akachukua chupa akaiweka kwenye magego, akamtazama kaka yake mbele ya wakwe na wageni wote, akasema, "Simeon, wewe ungefungua na nini? Na ulimi?" Watu wakacheka. Simeon naye akacheka, akamjibu, "Bwana mdogo, mimi nakula samaki na mifupa yake. Hii pengo haijaninyima kitu." Kizibo kikaruka, nami niliyekuwa nimeketi karibu nikasikia kitu kingine kimelia ko! ndani ya kinywa cha mume wangu, lakini yeye akatabasamu akanywa soda yake yote huku jicho moja likimtoka machozi.

Tangu siku hiyo maji ya mtungini yakawa yanamuuma, chai ya sukari inamuuma, hata upepo wa ziwa akifungua mdomo kufundisha kwaya unamuuma, na nilipomuuliza akasema ni kawaida. Baadaye yakaja maumivu ya kudunda, yale ya usiku, akilala yanazidi akiketi yanapungua, akawa analala ameinamisha kichwa juu ya cherehani, anafokea watoto, anafokea redio, anafokea mbwa wa jirani. Dawa alizojaribu ni nyingi, aliweka karafuu, aliweka ugoro ingawa kanisani anauita dhambi, akasaga aspirini akaibandika kwenye ufizi mpaka ufizi ukawa mweupe na kuchubuka, na bado nilipotaja hospitali alinijibu hivi, "Mama Dorca, wacha kelele. Hao wanang'oa. Mimi nilikataa chuma ya wazee nikiwa kijana, leo nipeleke kinywa yangu mwenyewe? Simeon atanicheka mpaka Kombewa wasikie."

Halafu asubuhi moja akaamka mzima. Hakuna maumivu, maji baridi anakunywa, anaimba. Nikamshukuru Mungu, nikachinja kuku, na Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba jino lake limeponywa bila koleo, na kwamba wenye imani hawang'olewi, watu wakapiga vigelegele nami nikapiga. Raha yetu haikudumu, Mama Perez. Shavu likaanza kuvimba. Akasema ni upepo wa dirishani. Likavimba zaidi akajifunga leso ya kichwa kama mama mzazi, na wateja wakiuliza anawaambia ni matubwitubwi, basi wenye watoto wakakimbia pale barazani pa duka anaposhonea na sasa hakuna anayemletea hata kifungo. Juzi nimemkuta anapasha sindano ya cherehani kwenye moto wa jiko eti atoboe uvimbe mwenyewe, nikamnyang'anya tukagombana hadi majirani wakaja.

Sasa lililonileta kwako ni hili. Shemeji Simeon ndiye anayeniletea omena kutoka Port Victoria, kila lori likifika hukaa kwenye meza yangu akanywa chai, na kila mara huniuliza, "Bwana mdogo hajambo?" nami namjibu hajambo, kwa sababu Baba Dorca ameapa kwamba siku Simeon atakapojua habari ya jino hili nitafunga virago nirudi kwetu Bungoma. Shemeji ni mtu wa nguvu na mume wangu humsikiliza hata akijifanya hamsikilizi, najua yeye anaweza kumpeleka. Lakini mimi nimefundishwa kwamba mke hatangazi aibu ya mumewe. Tena nitakuambia jambo baya, kuna siku nimetamani yale maumivu yamrudie, maana alipoumwa angalau alikuwa anakubali kwamba anaumwa. Je, nimtii mume wangu, au nimwambie shemeji? Nijibu upesi.

Mimi niliyechoka,
Mama Dorca, Nyalenda.

Nimesahau kukuambia kwamba tangu jana hali ugali, anakunywa uji tu, tena anaumeza kwa shida, na mwingine unamwagika kwa sababu mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kijiko, anaongea kama mtu aliyejaza chakula mdomoni, na leo alikuwa anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali.

MAMA PEREZ ANAJIBU

Mama Dorca, umeniandikia habari za soda, za kwaya, za kuku na za matubwitubwi, halafu neno lililo kubwa kuliko yote ukalitupa chini ya jina lako, eti umesahau! Nilisoma mistari yako ya mwisho nimesimama. Gazeti letu hutoka Ijumaa na jibu hili haliwezi kungoja Ijumaa, kwa hiyo kabla halijapigwa chapa nimelinakili na kumpa mchuuzi wetu wa magazeti wa upande wa Nyalenda akutafute kwenye meza yako ya omena. Kama ndiye aliyekupa karatasi hii, isome hapo hapo ulipo.

Mumeo hakupona. Jino si jiwe, mama. Ndani yake mna uwazi, na katika uwazi huo mna damu na mshipa wa fahamu, na huo mshipa ndio uliokuwa ukipiga kelele. Gego lilipopasuka pale harusini, mshipa ulianza kuguswa na baridi na sukari. Wakati ule daktari wa meno angeweza pengine kuliziba tu na gego likabaki mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nanyi ufa wenu mliusikia kwa masikio ukisema ko! Yalipokuja maumivu ya kudunda, mshipa ulikuwa umevimba ndani ya jino, na jino halitanuki kuupa nafasi, ndiyo maana alipolala damu ikishuka kichwani yalizidi. Na ile asubuhi aliyoamka akiimba, mshipa ulikuwa umekufa. Mshipa uliokufa haulii. Uchafu uliouua haukufa pamoja nao, ulishuka mizizini, ukaingia katika taya, na sasa unatafuta njia ya shingoni. Mlichinja kuku kwenye matanga ya jino mkidhani ni sherehe.

Sikukatazi kumshukuru Mungu, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Lakini Mungu aliyempa Baba Dorca meno ndiye aliyewapa madaktari akili, na sioni mahali alipoagiza watu wafungue soda kwa magego.

Hizo dawa zenu zimenikera kweli kweli. Karafuu hutuliza, haiponyi, naisamehe. Maji ya vuguvugu yenye chumvi ni mazuri, na hayo ndiyo hamkuyafikiria. Aspirini ni ya kumeza, ukiibandika kwenye ufizi inauunguza, na huo weupe ulioona ni kidonda. Sindano ya cherehani ni ya suruali, na hapo umefanya vyema kuinyang'anya. Usimkande shavu kwa kitambaa cha moto, na usimnunulie vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni. Wakati wa dawa za nyumbani umepita. Uvimbe wa shavu peke yake ungetosha kumpeleka hospitali. Mtu ambaye mdomo haufunguki, anashindwa kumeza, sauti imebadilika na mwili unatetemeka, huyo uvimbe wake umeanza kuingia chini ya ulimi, na ukifika kwenye koo unaziba pumzi. Nimemwona mtu akifa hivyo. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na alikuwa ameogopa koleo kama mumeo.

Sasa swali lako, kama umtii au umwambie shemeji. Swali gani hilo? Mtu anayeweza kumbeba mumeo hadi hospitalini anakaa kwenye meza yako, anakunywa chai yako, anakuuliza habari za mdogo wake kwa kinywa chake, nawe unamjibu hajambo! Hiyo si heshima ya mke, mama, huo ni uongo unaomchimbia mumeo kaburi. Mficha maradhi kilio humfichua. Ukimficha Simeon leo, utamwambia kesho mbele ya watu wengi, na hapo hatakuuliza tena hajambo, atakuuliza kwa nini. Na hicho kiapo cha kukurudisha Bungoma kisikutishe. Mtu asiyeweza kufungua mdomo hawezi kumfukuza mke.

Kuhusu kutamani maumivu yarudi, usijihukumu. Hukumtakia mabaya, ulitaka apate akili.

Na wewe Baba Dorca, najua utasomewa haya, basi sikiliza. Ulikimbia chuma cha wazee, nami sikulaumu. Mimi ninayekuandikia nina pengo kama la kaka yako. Niling'olewa yale sita ya chini nikiwa msichana, bila dawa ya ganzi, nimeshikwa kichwa na shangazi zangu huku naambiwa nisilie. Iliuma, na wanangu sikuwafanyia. Lakini wale walituondolea meno mazima ili tufanane na wenzetu. Daktari anataka kukuondolea moja bovu ili uishi, tena baada ya kukudunga ganzi. Ukiyaona mambo hayo mawili kuwa ni kitu kimoja, basi shida yako si jino, ni kiburi. Unaogopa kicheko cha Simeon kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kumcheka. Mwache acheke. Kaka anayekucheka ukiwa kitandani ni bora kuliko kaka anayekuimbia ukiwa sandukuni, na kwaya yako ndiyo itakayoimba, bila mwalimu. Ukipona, rudi kanisani utoe ushuhuda wa pili, useme ulivyopona kweli.

Mama Dorca, fanya hivi bila kujadiliana. Kama lori la Port Victoria limefika, mwambie Simeon yote hapo sokoni, neno kwa neno, hata lile la soda. Kama halijafika usilingoje, chukua majirani wale wale waliokuja kuamua ugomvi wenu, nao wamwinue. Mpelekeni hospitali kubwa ya mkoa leo, hata kama ni usiku, hata kama anakataa kwa mikono. Njiani aketi wima, asilale chali. Msimlishe wala kumnywesha kwa nguvu asije akapaliwa. Mkifika usiseme ni jino, maana watakuambia mkae kwenye benchi pamoja na wenye meno. Sema hawezi kumeza na mdomo haufunguki, lisemwe hilo kwanza, usilisahau tena hadi mwisho.

Haya, funga hiyo meza. Omena ni kavu, itakungoja. Baba Dorca hatangoja.