Gitare ya Eddy na jina ya komanda

"We unasikia gitare ya bwana yako, mi nasikia jina ya muntu mwenye aliuaka wangu!"

Divine, ni Saumu huyo, anafokea Clarisse mu parcelle yetu, mu uwanja mbele ya nyumba! Bantu bakajaa.

Orchestre yetu ya muji wa Baraka inakusanya nyimbo zao za zamani mu sanduku moja. Chef wao, papa Nasoro, alikuja kuomba Clarisse ruhusa juu ya kaseti ya wakati wa vita. Eddy, bwana ya Clarisse, mupiga gitare wao, alikufaka mu ile vita, na solo yake ilibakia mu ile kaseti tu.

Lakini unajua banamuziki betu, lazima batupe majina ya bakubwa mu wimbo, babasifu. Katikati ya solo, mwimbaji anapaza sauti: "Komanda, baba ya amani!"

Amani, Divine! Ule mwenye alimaliza banaume ba kwao Saumu!

Nasoro anasema jina haiwezi kutoka, sauti imelala juu ya gitare: ukiifuta, solo pia inaenda.

Clarisse akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena, machozi tu. Kisha akaitoa mu radio.

"Papa Nasoro, hii isiingie mu sanduku. Batoto nitabaelezea baba yao kwa mudomo."

Ma chère, hata mi nilifukuza bantu barudi kwao. Mi!

Saumu akamushika mukono: "Clarisse, ingia kwangu tukule. Bugali inapoa."