Friji la Mama Kulwa

Jumanne, 3 Juni. Shinyanga.
Tena kituo cha kupozea umeme. Tena kofia ngumu isiyonitosha. Wahandisi wanapima uimara wa gridi ya kanda yote, kutoka hapa hadi Geita, nami naripoti. Swali lao ni moja: umeme ukikatika, ni wapi panapoumia zaidi? Kila sehemu wanaiweka katika moja ya makundi mawili. Wasioweza kukaa gizani, kama hospitali, pampu za maji na mgodi mkubwa, watapata laini ya pili. Wanaoweza kusubiri watasubiri.
Gazeti linataka habari fupi. Siwezi kukaa nikatulia. Sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Juni. Ushirombo.
Mkutano wa hadhara katika kijiji cha wachimbaji wadogo, mbele kidogo ya Ushirombo. Mhandisi Mushi, kiongozi wa timu, akauliza kama umeme unawasumbua.
"Upo, tunashukuru," mwenyekiti wa kijiji akajibu. Makofi.
Huku mgeni hapewi malalamiko kabla hajala. Hilo nalielewa. Lakini nyuma ya choo cha mama mmoja nimeona waya mnene ukielekea kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Nikamuuliza ni wa nini.
"Wa friji, dada mwandishi."
"Friji liko machimboni?"
"Friji kubwa hilo," akasema kijana mmoja. "Linapoza watu!"
Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, halafu ikaniudhi.

Ijumaa, 6 Juni.
Nimerudi kijijini peke yangu. Mwenye waya ni Mama Kulwa, mjane, mwenye duara. Amenieleza bila kuzunguka. Mita yake imesajiliwa kuwa ya nyumba, si ya uchimbaji. Waya unaendesha feni inayosukuma hewa shimoni, na winchi inayowapandisha watu. Majirani wengi wanafanya hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyelalamika: anayelalamika anatembelewa na wakaguzi, anayetembelewa anakatiwa.
Kiongozi wa wachimbaji wake ni Kulwa, mwanawe wa kwanza. Wakati tunaongea alikuwa chini.
Ameniomba nisiandike. Nimekubali. Siipendi ahadi hiyo.

Jumamosi, 7 Juni.
Rasimu ya wahandisi imetoka. Kijiji kiko kundi la pili: nyumba, taa, redio. Wanaweza kusubiri.
Nilimuuliza Mushi kama ameridhika. "Mimi naandika nilichoambiwa na wananchi," akasema. Yuko sahihi, na inaniudhi kwamba yuko sahihi. Kikao cha mwisho cha maoni ni Alhamisi, hapa Shinyanga mjini. Baada ya hapo rasimu inafungwa.
Nikiandika ninachojua, wanakatiwa kesho. Nisipoandika, laini ya pili inajengwa na wao hawamo. Nimezunguka mtaa wote wa Ngokolo kwa miguu, nikarudi, nikatoka tena.

Jumatatu, 9 Juni.
Nilikuwa pale, kwenye duara la Mama Kulwa. Niandike kwa mpangilio.
Jana jioni walilipua mwamba. Leo asubuhi Kulwa na wenzake wakashuka, feni ikitoa moshi wa baruti. Umeme ukakatika. Kelele ya feni ikakoma na kila mtu akageukia shimo. Hakuna aliyepiga ukunga. Walishika kamba wakaanza kuvuta kwa mikono, wanawake pia. Mimi pia. Viganja vyangu vimechubuka.
Mmoja akatoka, akaanguka. Mwingine. Kiongozi hupanda mwisho, ndiyo desturi yao. Kulwa alipotoka alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Wakamlaza upepo unakotoka, wakammwagia maji. Muda ukapita. Mama yake alisimama tu, khanga mdomoni. Kisha Kulwa akatapika, akamtukana aliyemmwagia maji.
Yule kijana wa Jumatano akasema, "Friji limezima." Hakuna aliyecheka.
Nilimpigia Mushi. Mti umeangukia laini mbali kabisa, upande wa Shinyanga. Magharibi yote imezimika. Kundi la pili, nikamwambia.

Jumanne, 10 Juni.
Nimeandika habari. Nimeifuta. Ahadi ni ahadi. Nina hasira na Mama Kulwa, na hana kosa. Sijala.

Alhamisi, 12 Juni. Shinyanga.
Kikao. Maofisa mbele, wenyeviti wa vijiji nyuma. Mama Kulwa akaingia amevaa kitenge cha kanisani. Hakualikwa. Alisubiri wanaume wamalize, akasimama.
"Mwangaluka," akawasalimia kwa Kisukuma. "Pale kwetu tuliwadanganya."
Mwenyekiti wake akamvuta kitenge. "Mayu, mama, kaa chini!"
"Nikikaa mimi, wewe utasema?"
Akasema yote. Mita, waya, feni, Jumatatu. "Njooni mkate. Lakini mkimaliza kukata, andikeni kwamba pale pana watu chini ya ardhi wanaopumua kwa umeme."
Mushi alifungua rasimu, akafuta mstari. Kisha akasema kijiji kinahamia kundi la kwanza. Ofisa mwingine akachukua jina la mama. Mlangoni Mama Kulwa aliniambia, "Sasa andika. Na jina langu liweke." Nimeandika.

Jumapili, 15 Juni.
Nimekwenda kumwona Mama Kulwa. Mita imeondolewa, ya kwake na za majirani. Itabidi aombe ya uchimbaji, na maombi yana foleni. Laini ya pili itachukua miaka. Maduara yamenyamaza. Njiani nilisalimia wanawake wawili kisimani. Walipojua ninakwenda kwa nani, hawakuitikia.
Mama Kulwa ametengeneza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Tumekula kivulini mwa nyumba. Kulwa alikaa upande wa pili wa ua, ametupa mgongo. Hajaongea na mama yake tangu Alhamisi. Kuna duara huko Geita lenye jenereta, anataka kwenda. Mama amekataa.
"Ananuna," alisema, bila kupunguza sauti. "Acha anune. Ananuna akiwa juu ya ardhi."
Kulwa hakugeuka. Baadaye alinyoosha mkono nyuma, akasogezewa bakuli, akala.