Kokoto Yangu Nje ya Ramani

Mama,

Shikamoo. Tanga tu wazima, ila joto halisemeki na kichwa kinanizunguka tangu asubuhi. Shangazi Mwanaidi kanipeleka kwenye mkutano wa mipango ya mji, hapa Nguvumali. Bwana Mpimaji katandaza ramani mezani, kampa kila mtu kokoto moja aiweke pale anapotaka kukaa miaka ishirini ijayo. Shangazi hakusita. Kaiweka makaburini, ubavuni mwa mumewe. "Miaka ishirini? Nitakuwa hapa, inshallah." Wazee wenzake wakamfuata, kokoto zikajazana papo hapo. Bwana akajishika kichwa, maana hapo yeye kachora soko!

Sasa soko litahama, au sisi ndio tumekosea? Kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Zamu yangu ilipofika niliitafuta Pangani kwetu, sikuiona. Nikaiweka kokoto mezani, nje ya ramani.

"Hapo hapana kitu," akasema Bwana.

"Yupo mama yangu," nikamjibu.

Nisalimie wadogo zangu. Mungu akuweke, mama, hiyo miaka ishirini ikifika nikukute hapo hapo.

Mwanao,
Zaina