Kuhamia Majini

Jumamosi, 24 Agosti

Tumeondoka bandarini asubuhi. Upepo wa kiasi, mawingu machache. Mzee, mume wangu, kwenye usukani, mimi kwenye kamba za tanga. Maneno yetu ni yale yale – vuta, legeza, shika hapo. Ukiondoa chai na habari za binti, hatuna mengine.

Safari hii ni ya majaribio. Mzee amestaafu kwenye duka la dawa, binti ameolewa, na dalali ameshapata mnunuzi wa nyumba. Anataka jibu Ijumaa. Tukisema ndiyo, tunauza na kuhamia humu botini moja kwa moja. "Ndoto yako hiyo, mama," Mzee ananiambia kila akipata nafasi. Natabasamu, nimezoea.

Cherehani yangu haitaingia humu. Nimepima kwa macho.

Jumapili, 25 Agosti

Mawimbi makubwa. Mzee kimya kutwa, eti anasoma ramani. Nimechemsha viazi, hakula. Ameshiba chai, amesema. Tanga dogo limechanika pembeni, nimelishona. Mikono inafanya kazi, kichwa hakipo.

Daftari hili hasomi mtu, basi niseme: siipendi boti. Sijawahi kuipenda. Tulikwenda maonyesho ya boti kutembea tu, Mzee akanionyesha hii, nikasema "nzuri" – kama mtu anavyosifia mtoto wa jirani. Wiki iliyofuata akaja na ufunguo. Alivyokuwa anacheka! Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Nikajifunza kufunga mafundo.

Jumanne, 27 Agosti

Tumefunga gatini kwenye kamji kadogo. Duka moja, bomba la maji, choo cha kulipia. Boti ya jirani ni ya mwalimu mstaafu, tumempa jina Ndevu. Alimwalika Mzee kahawa. Mimi nikabaki chini nashona foronya, dirisha la juu wazi. Boti zimekaa ubavu kwa ubavu, unasikia mpaka kijiko kikigonga kikombe.

Ndevu aliuliza kama kweli tunahamia majini. Mzee akasema ndiyo. Halafu akasema yeye bahari inamshinda, tangu siku ya kwanza. Tukitoka tu nje ya ghuba kichefuchefu kinamkamata. Anameza vidonge kwa siri – mfamasia huyo! – na kuomba siku ziende haraka turudi nyumbani.

Ndevu akauliza, sasa kwa nini?

"Kwa sababu ya mama. Ndiyo raha yake. Miaka yote amekaa amejiinamia, anashona mapazia ya watu. Nimnyime na hii?"

Sindano ilikuwa imeniingia kidoleni. Niliiona damu kabla ya kusikia maumivu. Nikaifuta na foronya, sasa itabidi niiloweke.

Jumatano, 28 Agosti

Nilidhani nitalia, au nitacheka. Wapi. Ganzi tu, kama ile ya daktari wa meno – unajua mdomo ni wako, lakini huna habari nao. Tumesafiri. Vuta. Legeza. Nyumba za pwani zimepita, miti, nyumba tena. Miaka yote hiyo ya safari, watu wazima wawili tunateseka kwa adabu.

Nimemwona akigeuka kumeza kidonge. Nikatazama pembeni asione kwamba nimeona.

Alhamisi, 29 Agosti

Mvua. Tumetia nanga ghubani. Tumecheza karata. Alikuwa ananiachia nishinde, nami namwachia. Mchezo haukuisha, tukaenda kulala.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimesema. Alikuwa anakoroga chai. Nikasema, "Mzee, mimi sitaki kuhamia huku. Naitaka nyumba yangu." Sauti ilitoka sawasawa, kama naomba chumvi.

Akaweka kijiko chini. Akaniangalia sana. Nikajua basi, imekwisha.

"Ndevu amekwambia."

"Hajaniambia kitu. Nilisikia mwenyewe, lakini siyo sababu. Siipendi boti hii. Sijawahi kuipenda."

Akacheka polepole, macho yamelowa. "Mama, nakujua wewe. Tangu lini ukajifikiria mwenyewe? Mtu asiyependa boti atashona tanga kwa mkono, tena kwenye mawimbi yale?"

Nikamwambia nilishona kwa sababu limechanika. Akanishika mkono. Akasema hataki nijitoe mhanga kwa ajili yake, vidonge vipo, tumbo litazoea. Nikarudia. Nikaapa. Kila nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Nilipopandisha sauti akanibusu kwenye paji la uso, akasema hajawahi kuona mwanamke mwenye moyo kama wangu. Nikachukua vikombe nikavisuuza, vyote viwili, na chake kilikuwa bado kina chai.

Ningekasirika ningefurahi. Hata hasira haiji. Nimekaa tu na kitambaa cha vyombo mapajani.

Sasa yuko juu, kule mbele, ndiko simu inakoshika. Namsikia vizuri. Ndiyo, tunauza. Hapana, mama hana neno, mama ndiye mwenye wazo. Halafu anamsikiliza dalali. Mzee ananiita: nyumba ni ya wote wawili, bwana huyu anataka kusikia na mimi nikikubali kwa mdomo wangu.

Nimejibu naja.

Anamwambia dalali asubiri kidogo, "Mke wangu akishaingia baharini hatoki!" Anacheka.

Ananiita tena. Sijainuka. Nawaza kitu kimoja tu: dalali hanijui hata kidogo. Yeye nikimwambia hapana, ataamini.