Daktari Wangu Hajui Kushona

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na moja nashonea mabwana harusi suti, sasa mwezi uliopita macho yangu yaligeuka manjano, nikapimwa, wakasema kuna uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na mimi hata sikujua kongosho lina kichwa, tena uvimbe huo umeshika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, kwa hiyo daktari wa upasuaji atakata uvimbe pamoja na kipande cha mshipa, ataunga ncha mbili, na zisipofikiana atachukua kipande cha mshipa wa shingoni aingize katikati, kama ninavyoongeza kitambaa kwenye suruali iliyobana, hapo nikasema sasa tumeingia kwenye fani yangu, nikatoa mfukoni hariri na sindano nikamwambia, "Daktari, hebu niungie hapa niuone mkono wako," naye maskini akashona, lo, Shangazi! pindo limekwenda upogo, mshono mmoja mrefu mmoja mfupi, kazi ile ningeifumua mbele ya mteja, nikamwambia tumbo langu sikupi, nikaondoka, na upasuaji ni Jumatano, mke wangu hasemi nami tangu jana, shemeji ananiita kichwa maji, lakini mimi mishono naijua, je, nimekosea?

Fundi Pima Mara Mbili

Fundi, umekosea, tena sana. Nimecheka, samahani, kisha nikakasirika. Ulimpa daktari sindano yako iliyonyooka. Yake imepinda, huishika kwa koleo, na uzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Angekupa wewe kisu chake, ungekata nini? Halafu hariri haiponi. Mshipa ukiungwa vizuri, mwili wenyewe humalizia kazi. Na daktari aliyekubali kukaguliwa pindo na mgonjwa ana subira kuliko mimi, mimi ningekufukuza.

Sasa tuseme kweli. Barua nzima umeimba mishono, ugonjwa wenyewe hujautaja jina. Ni saratani, baba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Unaogopa, na hariri ilikuwa kisingizio. Kuogopa sikulaumu: operesheni hii ni kubwa, damu inaweza kuganda pale palipoungwa, na hakuna atakayekuahidi kupona. Lakini leo wanasema uvimbe bado unakatika. Ukingoja utambae kwenye mishipa mingine, huenda hata bingwa akashindwa.

Muulize daktari yanayoulizwa: ameunga mishipa kama huu kwa wagonjwa wangapi, wanaendeleaje, nani atakuangalia siku za kwanza, na akifungua akakuta uvimbe haukatiki atafanya nini. Nenda na mkeo ayasikie majibu, maana wewe utasikia unachotaka. Na umwambie kwa mdomo wako kwamba unaogopa kufa. Anajua, anangoja useme.

Simu ya kumwomba daktari radhi ipige leo, kabla kitanda chako cha Jumatano hakijapewa mtu mwingine.