Msoma Mita

6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Ningependa kuandika kwamba nasi hapa wazima, lakini nitakuwa nimeanza kusema uongo mstari wa pili tu.

Baba amepigwa. Jumanne iliyopita alikuwa kazini, anasoma mita za maji kama alivyozisoma miaka ishirini na sita. Unajua uvumi wa wezi wa watoto ulivyotapakaa: kila simu ina sauti ya mtu asiyejulikana akionya juu ya mzee anayezunguka na kuulizia nyumba. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba ya watu, kafunua kifuniko, anamulika namba kwa tochi. Mwanamke akatoka, akapiga ukelele. Yaliyobaki unaweza kuyajua.

Walimpiga huku kitambulisho chake wanacho mkononi. Mmoja alikisoma kwa sauti, jina na kazi, kisha wakaendelea. Mkono umevunjika mahali pawili. Jicho la kushoto daktari anasema tusilitegemee. Hakuna aliyemwokoa. Walichoka tu.

Na mtu alisimama akarekodi. Video imezagaa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu nimeziondoa nyumbani. Ikilia tu, baba anajikunja. Mimi sijaitazama na sitaitazama. Mtoto hamtazami baba yake akiwa hivyo.

Sasa sikiliza. Wewe unakaa kwenye ofisi inayofuta video za watu mtandaoni. Siku zote nilikucheka kwamba kazi yako ni kufagia mtandao. Basi fagia. Hiyo moja tu. Baba amesema hatoki nje mpaka watu wasahau, na watu hawasahau kitu wanachokiona kila wakifungua simu.

Dada yako

15 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo yake baba. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikakaa chini palepale. Pole. Pole yenyewe naiona ndogo, lakini ndiyo niliyonayo.

Kuhusu video, jambo si jepesi unavyodhani. Sisi hatuchagui. Video inaletwa kwenye foleni yako, unaamua, inakuja nyingine. Mia saba kwa siku. Tumewekewa utaratibu ili tusipate wazimu: tunatazama bila rangi, bila sauti, na nyuso zote zimezibwa ukungu. Damu inaonekana kama maji ya matope. Ukikiona kitu siku nzima namna hiyo, unaweza hata kula chakula cha mchana.

Nimejaza fomu ya malalamiko kama raia yeyote. Nitafuatilia. Nami sitaitazama, tumwekee baba heshima hiyo sote wawili.

Kikohozi kimeisha. Mwambie baba afanye mazoezi ya vidole.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Baba anaweza kushika kikombe. Hilo ndilo jema, na limekwisha.

Video ipo palepale. Tena sasa imetiwa muziki. Wamechukua kile kilio chake, "Mimi ni msoma mita! Msoma mita mimi!", wakakirudiarudia mpaka kikawa kiitikio. Watu wanakicheza. Kuna mtindo wake: unapiga magoti, unafunika kichwa kwa mikono, unainuka unatingisha mabega. Maharusi wamecheza. Mtangazaji wa asubuhi anafungua nacho kipindi.

Jana kaja mteja kwenye duka langu la ushonaji na fulana arobaini, anataka nizishonee maneno hayo kifuani kwa uzi wa njano. Kijana mpole, ana adabu, kaniita mama.

Nikamwuliza, "Mwanangu, unajua ni nani huyo anayelia?"

"Ah, mama, ni kichekesho tu cha mtandaoni."

"Alikuwa anapigwa."

"Si alikuwa mwizi wa watoto?"

"Alikuwa anasoma mita."

Akacheka. Alidhani namtania kwa mtindo. Nilimrudishia mzigo wake, nikafunga duka saa nne asubuhi, nikarudi nyumbani.

Na usiniandikie kwamba watu ni wajinga. Mjinga hajui kukata video, kuitia mdundo, kuiandikia maneno kwa rangi tatu. Hawa wana akili, wana muda, wana vifaa. Walichokosa ni nusu dakika ya kujiuliza yule anayelia ni baba wa nani. Zamani walau ilibidi mtu atoke nyumbani kwenda kumpiga mawe mwenzake. Siku hizi anampiga akiwa amelala kitandani, kisha anawatumia shangazi zake wacheke pia.

Ofisi ya maji imemwambia baba apumzike "hadi mambo yatulie". Yatatuliaje wakati wewe umekaa na ufagio mapajani? Mbona kimya?

Dada yako

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali. Nimeanza barua hii mara nyingi kwa muda wa mwezi mzima.

Malalamiko yangu yalikataliwa. Ya pili pia. Nikamwomba msimamizi anionyeshe sababu. Akafungua kumbukumbu. Video ile ililalamikiwa mara ya kwanza saa mbili tu baada ya kuwekwa. Kuna mtu mwema aliyeripoti. Ikaletwa kwa binadamu aitolee uamuzi. Binadamu akaiidhinisha: "Habari ya uhalifu. Ibaki." Na binadamu akishaamua, malalamiko mengine yote mashine inayafunga yenyewe.

Namba ya mwamuzi ni yangu.

Niliitazama sekunde kumi na moja, dada. Mtu wa kijivu chini, watu wa kijivu juu yake, hana uso, hana sauti. Maelezo yanasema mwizi wa watoto kakamatwa. Nikabonyeza. Sikumbuki hata siku yenyewe ilikuwaje.

Njia ipo moja: niandike kwamba nilikosea na kwamba aliyemo ni baba yangu. Video itafutwa, na mashine itaisaka kila nakala inayolingana nayo. Lakini hapo nitakuwa nimekiri kwamba nimetoa siri ya kazi nje, kwako, na kwamba nimeamua jambo la mtu wa nyumbani kwetu; yote mawili yamekatazwa. Nitafukuzwa siku hiyohiyo. Nimekuwa mwoga mwezi mzima. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

17 Mei

Kwako,

Leo hakuna salamu.

Unaniuliza mimi? Mwezi mzima watu wamecheza juu ya mgongo wa baba, nawe umekaa na ufunguo mfukoni unasubiri ruhusa yangu? Andika hiyo karatasi. Iandike leo. Ukifukuzwa, njoo nikufundishe kushona vifungo. Angalau kifungo unakitazama kwa rangi.

Baba sijamwambia. Nitamwambiaje?

Dada

24 Mei

Dada,

Nimeandika. Saa tatu asubuhi nimesaini, saa nne imefutwa kila mahali, saa tano nimetolewa nje na mlinzi, vitu vyangu viko kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Mwambie baba haipo tena.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Umefanya ulichotumwa, na aliyekutuma ni mimi. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Juzi kaja mpelelezi. Miezi mitatu hakuonekana, kaja sasa na daftari jipya. Anasema kesi inafunguliwa, wenye nyumba ile wanaapa hawakuwepo, majirani wote walikuwa safarini siku hiyo. Ukimsikiliza utadhani mtaa ule ulihama. Akasema, "Hamna shida, tunayo video, nyuso zao zote zimo." Akatoa simu aitafute mbele yetu.

Hakuipata. Alitafuta mpaka chai ikapoa. Zilizobaki ni zile za kuchezwa, ambazo mashine yenu haikuzitambua kwa sababu zimekatwa pembeni ili ziingie mdundo. Humo baba yupo peke yake. Anapigwa na hewa.

Akapiga simu ofisini kwenu, wakamjibu kwamba iliyofutwa hairudishwi. Akanigeukia: "Wewe binti yake, uliona akina nani?" Nikamwambia sikuitazama, kwa heshima. "Na ndugu yako, si ndiye mwenye kazi hiyo?" Nikamwambia aliona ukungu. Akafunga daftari. Baba mwenyewe pigo la kwanza lilimpata jichoni.

Alipoondoka, ndipo baba akaniuliza nani aliifuta. Nikamweleza yote, yako na yangu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi nilikuwa naingoja hiyo. Nilivumilia wacheze, nikijua nyuso zao zimo. Hakuna aliyeniuliza."

Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha. Mimi, ninayejua kumsema kila mtu.

Kesho anakwenda mtaa ule. Amevaa sare kuijaribu. Upande mmoja unaning'inia kwa alivyokonda, nimeupunguza. Anasema atasimama nyuma ya nyumba ile na kuwatazama wapitao, mmoja mmoja, mpaka apatikane atakayeshindwa kumtazama. Nimemsihi mpaka nimechoka. Nitakwenda naye.

Kama utakuja, njoo. Kitanda chako kipo. Ila barua usilete tena, maana zinafika huku mambo yameshaharibika.

Dada yako